Simamisha Kabla ya Jibu: Namna ya Kufundisha Hisabati kwa Tamthilia ya Upelelezi

Jumamosi moja niliwaonyesha wanafunzi wa klabu yetu ya hisabati sehemu nzima ya Numb3rs, ile tamthilia ya Kimarekani ambayo kaka mtu ni mpelelezi wa FBI na mdogo wake ni profesa wa hisabati. Tuliziba madirisha kwa maboksi, projekta tuliazima, subufa aliileta mlinzi kutoka kwake. Sikusimamisha hata mara moja. Watoto walishangilia, wakapiga madawati. Ilipoisha nikauliza, "Haya, tumejifunza nini?" Binti mmoja wa kidato cha tatu akasimama akajibu, "Madamu, tumejifunza kwamba yule profesa ana akili sana." Akakaa.

Jibu lile lilinikaa moyoni wiki nzima. Nafundisha hisabati hapa Dodoma mwaka wa 19 sasa, na ninachopambana nacho kila siku si aljebra. Ni ile imani kwamba hisabati ni kipaji, kama sauti ya kuimba: unayo au huna. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimewaletea dakika arobaini za picha zinazoithibitisha imani hiyo, tena na muziki juu yake.

Tamthilia sikuiacha, maana watoto wanaipenda kweli. Nilichobadilisha ni namna ya kuitumia, na hicho ndicho ninachotaka kukueleza, mwalimu mwenzangu, au mzazi, au kijana unayesimamia kikundi cha kujisomea mtaani kwenu.

Angalia kamera inapomsogelea usoni

Numb3rs ilianza kuonyeshwa Januari 2005 kwenye kituo cha CBS na ikamalizika Machi 2010, sehemu 118 kwa jumla. Watengenezaji wake hawakubuni hisabati ovyo. Walikuwa na washauri, mmojawapo profesa Gary Lorden wa chuo cha Caltech, na milinganyo unayoiona ubaoni mara nyingi ni milinganyo ya kweli. Kwa hiyo ukiniuliza kama hisabati ya mle ni ya uongo, nitakujibu kwamba kwa sehemu kubwa si ya uongo. Kasoro iko mahali pengine.

Tazama inavyokuwa. Wapelelezi wamekwama. Profesa kijana anatazama kitu cha kawaida, labda maji yanayoruka bustanini. Kamera inamsogelea usoni, namba zinaanza kuelea hewani, muziki unapanda, halafu anakimbilia ubaoni na jibu tayari mkononi. Kati ya swali na jibu hakuna kitu. Hakuna kufuta, hakuna kukosea ishara ya kutoa, hakuna kuhesabu mara ya pili. Ile nafasi iliyorukwa ndiyo hisabati yenyewe, na ndiyo nafasi ambayo mwanafunzi wako anaweza kuingia.

Kazi yako ni kusimamisha picha pale pale, kabla kamera haijasogea.

Maandalizi

Usionyeshe sehemu nzima. Chagua kipande cha dakika tano au sita. Kitazame peke yako mara mbili, daftari mkononi, na uandike dakika tatu: dakika ambayo swali linaulizwa, dakika ambayo taarifa zote zinazohitajika zimeshatolewa, na dakika ambayo jibu linatamkwa. Utasimamisha kwenye ile ya pili. Ukichelewa sekunde kumi tu, profesa atakuwa ameshasema, na watoto watanakili.

Kiingereza chao kinakwenda mbio. Mimi nasimama pembeni ya ukuta natafsiri kwa sauti, kama wanavyofanya watafsiri wa filamu za kibanda umiza, na wanafunzi wanafurahia kuliko sauti ya wenyewe. Ila natafsiri mpaka kwenye swali tu. Kipande kiwe kwenye flashi na kwenye simu pia, na hakikisha luku ina yuniti za kutosha siku hiyo. Umeme ukikatika katikati, unachohitaji ni swali na chaki, na hivyo viwili tayari unavyo.

Jambo moja lisilo na mjadala: chagua kwa kuzingatia umri. Sehemu ya kwanza kabisa ya Numb3rs ina hisabati nzuri kuliko nyingi, lakini kesi yake ni ya mbakaji. Siionyeshi shuleni. Nachukua kanuni yake na kuivika kesi nyingine, kama utakavyoona.

Anza na kinu, siyo na kanuni

Katika sehemu hiyo ya kwanza profesa anatoa mfano wa kile kifaa kinachozunguka na kurusha maji bustanini. Huwezi kutabiri tone lijalo litaangukia wapi, anasema, lakini ukiona matone ya kutosha unaweza kukokotoa kifaa kilikuwa kimesimama wapi. Ni mfano mzuri kwa mtoto wa Los Angeles. Hapa kwetu bustani za namna hiyo ni chache, na maji hatuyarushi. Sisi tuna kinu.

Jumamosi iliyofuata nilileta kinu cha nyumbani na kilo mbili za uwele. Tulifagia eneo la uwanja chini ya mwarobaini, wasichana wawili na mvulana mmoja wakatwanga kwa kupokezana, kwa nguvu na bila uangalifu, kama nilivyowaambia. Punje zikaruka. Mvulana mwingine tulikuwa tumempeleka nyuma ya jengo la maabara ili asione. Baada ya dakika kumi tukanyanyua kinu taratibu, tukakificha, tukamwita.

Akasimama ukingoni mwa uwanja akitazama chini. Karibu na miguu yake punje zilikuwa moja hapa, moja pale. Akapiga hatua mbili, zikawa nyingi zaidi. Akaendelea mpaka akafika palipojaa kabisa, na katikati ya pale palipojaa pana duara tupu, upana wa kitako cha kinu. Akaweka mguu ndani ya duara. Nikamuuliza amejuaje.

"Pembeni zimejaa, na hapa katikati hakuna hata moja."

Sentensi hiyo ni kanuni nzima. Niliiandika ubaoni kama alivyoitamka na sikuifuta mpaka kipindi kilipoisha. Kim Rossmo alikuwa askari polisi wa Vancouver, Kanada, akasoma mpaka akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser mwaka 1995. Kanuni yake ya kukisia makazi ya mhalifu kutokana na mahali alipotenda makosa ina vipande viwili hivyo hivyo. Kwanza, mhalifu hapendi kwenda mbali: safari ni nauli na jasho, na maeneo ya mbali hayajui. Kwa hiyo matukio yanapungua kadiri unavyokwenda mbali na kwake. Pili, hapendi kufanya jambo mlangoni kwake, maana majirani watamtambua. Kwa hiyo kuna duara tupu. Kanuni ya sehemu ya kwanza ya Numb3rs ilichukuliwa kutoka kwenye kazi yake.

Usikimbilie ubaoni kabla ya kinu. Nimejaribu njia zote mbili, na darasa lililoanza na kanuni halikuuliza swali hata moja.

Sasa karatasi ya grafu

Chora mji wa kubuni. Barabara nane za kwenda mashariki, nane za kwenda kaskazini, makutano 64. Umbali kati ya makutano na makutano ni hatua moja. Mwizi wa mitungi ya gesi ameiba mara tano, kwenye makutano haya: (2,3), (3,6), (6,7), (7,3) na (5,2).

Waulize kwanza umbali kutoka (4,4) hadi (6,7). Wengi watakimbilia Pythagoras. Wakumbushe kwamba mwizi mwenye mtungi begani hapiti juu ya nyumba za watu, anafuata barabara. Hatua mbili mashariki, tatu kaskazini, jumla tano. Rossmo naye alipima hivyo hivyo. Waambie pia kwamba hesabu hii inafaa mitaa iliyonyooka, kama viwanja vilivyopimwa vya Area C na Area D. Penye korongo au reli, hatua za kwenye karatasi hazitoshi. Hapa Dodoma uwanja wa ndege uko katikati ya mji, na hakuna anayekatiza njia ya kurukia ndege. Mmoja atauliza, "Sasa tufanyeje?" Mjibu kwamba hapo itabidi kupima barabara ilivyo, na uendelee.

Halafu toa alama. Kwa kila makutano, chukua umbali hadi kila tukio, weka 1 juu ya umbali huo, jumlisha yote matano. Makutano ya (4,4) yako umbali wa 3, 3, 5, 4 na 3. Alama yake ni theluthi tatu, na moja ya tano, na robo: 1.45. Makutano ya (1,8), kule pembeni, umbali ni 6, 4, 6, 11 na 10, alama 0.77. Inaonekana sawasawa. Sasa wape (5,3). Umbali ni 3, 5, 5, 2 na 1, alama 2.23. Inaishinda (4,4) kwa mbali, na sababu pekee ni kwamba iko mlango wa pili na nyumba iliyoibiwa.

Hapa nyamaza. Waache waone wenyewe kwamba kanuni inamtuhumu jirani wa aliyeibiwa. Na atatokea mmoja, kila mwaka anatokea, atakayejaribu (5,2) yenyewe, ambako umbali ni sifuri, halafu ainue mkono: "Madamu, moja gawanya kwa sifuri?" Msifu kwa dhati. Amegundua kwamba kanuni imevunjika, na amegundua ni wapi.

Dawa ya yote mawili ni duara tupu la kinu. Chagua kipimo chake, tuseme hatua 3. Umbali ukizidi 3, endelea na 1 juu ya umbali. Umbali ukiwa 3 au chini, tumia 1 juu ya (6 kutoa umbali). Kwa hiyo umbali wa 1 unatoa moja ya tano badala ya moja kamili, umbali wa 2 unatoa robo, umbali wa 3 unatoa theluthi kama zamani, na umbali wa sifuri unatoa moja ya sita badala ya kuvunja hesabu. Rudia (5,3): sasa ni 1.18. Na (4,4) imebaki 1.45. Nimerahisisha vipeo vya Rossmo ili hesabu ifanyike kwa kalamu, lakini mwendo wa kanuni ni ule ule.

Gawa makutano 64 kwa darasa. Kwangu wanafunzi walikuwa 32, kila mmoja mawili. Kila anayemaliza anapaka rangi kwenye karatasi kubwa ukutani: nyekundu kwa alama kubwa, chungwa, njano, mpaka nyeupe. Chumba kinatulia kwa namna ambayo sijawahi kuiona kwenye zoezi la kitabu. Mtu akipata namba isiyoendana na majirani zake, wenzake wanaiona kwa rangi kabla yangu, na anarudi kuhesabu upya. Usimwite aliyekosea. Rangi imeshamwita.

Mwishoni wavulana waliokaa dirishani walitangaza (4,4) ndiyo nyumba ya mwizi. Binti mmoja upande wa pili akasema hapana, ni (5,5). Wakazitazama hesabu zake: 5, 3, 3, 4, 3. Alama 1.45. Zinalingana kabisa. Sikuwa nimepanga hivyo, na nilimshukuru Mungu kwa ajili ya namba zile tano, maana hakuna maelezo yangu ambayo yangewafikishia jambo hili vizuri zaidi. Kwenye televisheni ramani inatoa nukta moja nyekundu na magari ya polisi yanakwenda moja kwa moja. Kwenye karatasi yetu kulikuwa na vilele viwili na eneo la rangi ya chungwa katikati yao. Mpelelezi wa kweli akipewa ramani kama hiyo anapata mpangilio wa kazi: anzeni kutafuta hapa, kisha pale, kisha kule. Basi.

Na wakati mwingine hata mpangilio huo unahitaji kusomwa kwa akili. Huko Lafayette, Louisiana, Rossmo alisaidia katika kesi ambayo mtu aliyetajwa na mtoa taarifa alikuwa ofisa wa sheria, na anwani yake haikuangukia kwenye eneo lililopakwa rangi. Walipoangalia alikuwa akiishi wapi wakati makosa yanatendeka, ile nyumba ya zamani ilikuwa ndani ya eneo. Hata hapo kanuni haikumtia hatiani. Kipande cha sigara alichokitupa ndicho kilichotoa vinasaba vilivyolingana.

Usitumie wizi wa kweli. Kamwe.

Mwaka wa pili wa zoezi hili nilikosea, na ninalieleza hapa ili wewe usirudie. Mtaa mmoja wenye wanafunzi wangu wengi ulikuwa na wizi wa simu. Wakaniomba tutumie matukio ya kweli, nami nikaona ni wazo zuri: ramani ya kwao, mitaa wanayoijua. Tukachora, tukahesabu, tukapaka rangi. Jumatatu yake nikaambiwa wavulana wanne walikwenda jioni kwenye nyumba zilizoangukia kwenye rangi nyekundu, wakaanza kuulizia kuhusu kijana fulani anayeishi pale na mama yake, hana kazi, analala mchana. Maneno yakasambaa kwa siku moja.

Nilikwenda kwa yule mama. Nilimwamkia, akanikaribisha kigoda, nikamweleza kila kitu: ni zoezi la darasani, mwanao hakutajwa na mtu yeyote, kosa ni langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, sisi hapa tukishasemwa, tumesemwa." Nilirudi na wale wavulana wanne, wakaomba radhi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kijana mwenyewe hakutoka ndani.

Kwa hiyo mji uwe wa kubuni, mwizi awe wa kubuni, na siku hiyo hiyo, kabla kengele haijalia, wape somo linalofuata.

Kesi ya gari la njano

Somo hili halihitaji hata video, ingawa karibu kila tamthilia ya upelelezi ina kipande kinachofaa: mtaalamu anasema "uwezekano ni mmoja katika milioni" na chumba kizima kinakubali. Simamisha hapo, kisha wasimulie.

Juni 1964, Los Angeles, mama mmoja mtu mzima alisukumwa na kuporwa mkoba. Mashahidi walisema walimwona msichana mwenye nywele za dhahabu zilizofungwa mkia akikimbia, na gari la njano likiendeshwa na mwanamume mweusi mwenye ndevu na masharubu. Wakakamatwa mume na mke wanaofanana na maelezo hayo. Mwendesha mashtaka akatoa makadirio yake: gari lenye rangi ya njano, 1 kwa 10, mwanamume mwenye masharubu, 1 kwa 4, msichana mwenye nywele za mkia, 1 kwa 10, mwenye nywele za dhahabu, 1 kwa 3, mwanamume mweusi mwenye ndevu, 1 kwa 10, wawili wa rangi tofauti ndani ya gari moja, 1 kwa 1,000. Waambie wazidishe. Watapata 1 kwa 12,000,000, namba ile ile waliyopewa wazee wa baraza, na wanandoa wale wakatiwa hatiani. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya California ilitengua hukumu ya yule mume aliyekata rufaa.

Usiwaambie bado ni kwa nini. Fanya hesabu ya darasani kwanza. Mwaka niliofanya hesabu hii, darasani kwangu walikuwa 48. Wanaotoka Nkuhungu 12, yaani robo. Wanaokuja kwa daladala 12, robo pia. Robo mara robo ni moja ya kumi na sita, kwa hiyo tutegemee wanafunzi 3 wanaotoka Nkuhungu kwa daladala. "Haya, simameni." Wakasimama 9.

Walicheka, kisha mmoja akasema kwa sauti, "Si ndio maana wanapanda daladala, wanatoka mbali!" Mambo mawili yanayokwenda pamoja huwezi kuyazidisha kana kwamba hayajuani. Wakarudi wenyewe kwenye orodha ya mwendesha mashtaka na kukuta masharubu na ndevu vimehesabiwa mbalimbali, na mwanamume mweusi na msichana mwenye nywele za dhahabu wamehesabiwa, kisha wamehesabiwa tena kama wawili wa rangi tofauti. Makadirio yenyewe, tena, hayakutoka kwenye hesabu yoyote ya watu wala magari.

Kosa la pili limejificha zaidi, na hili lifanyie hapa hapa nyumbani. Tuseme makadirio ni sahihi kabisa na maelezo ya mwizi yanamfaa mtu 1 kati ya 100,000. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wa Dodoma na watu zaidi ya milioni 3. Gawanya. Watu wapatao 30 mkoani wanafanana na maelezo hayo. Ukimkamata mmoja wao kwa sababu hiyo peke yake, uwezekano kwamba ndiye ni kama 1 kwa 30, siyo 99,999 kwa 100,000. Andika namba hizo mbili ubaoni moja juu ya nyingine na uziache. Baada ya kilichotokea kwa yule mama na mwanawe, mimi hili siliruki hata kama muda umekwisha.

Kidato cha nne nawaongezea kesi ya Uingereza ya mwaka 1999. Mama aliyefiwa na watoto wachanga wawili alifungwa, na mahakama ilikuwa imeambiwa kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia moja ni 1 kwa milioni 73. Namba hiyo ilipatikana kwa kuzidisha 1 kwa 8,543 kwa yenyewe, kana kwamba watoto wa tumbo moja hawana kinachowaunganisha. Aliachiwa mwaka 2003.

Picha inayokuzwa

Hapa si pa kukaa sana, ila watoto huuliza daima. Kwenye tamthilia mpelelezi anasema "kuza," na ukungu wa kamera ya barabarani unageuka namba ya gari iliyo safi. Wape hili: kamera imechanganya vipande vinne vya picha kuwa kimoja, na kilichobaki ni wastani wao, 10. Vipande vinne vilikuwa namba gani? Watakuletea 10, 10, 10, 10. Wengine 0, 0, 20, 20. Wengine 1, 9, 12, 18. Wote wako sahihi. Mlinganyo mmoja, visivyojulikana vinne, na hakuna kompyuta itakayochagua kwa haki. Ila kama gari lilipita mbele ya kamera kwa sekunde mbili, picha ni nyingi na kila moja ni mlinganyo mpya, na hapo kweli kitu kinaweza kuokolewa.

Kisha wape kazi ya nyumbani: shahidi ameona T 4, tarakimu moja iliyofunikwa tope, 7, halafu D, herufi iliyofunikwa, B. Tukichukulia herufi zote 26 zinatumika, magari yanayowezekana ni mangapi? Ni 10 mara 26, yaani 260. Na kama anakumbuka lilikuwa jeupe? Safari hii hawakukubali kugawanya mpaka nikawaonyesha magari meupe ni sehemu gani ya magari yote, wakatoka wenyewe kwenda kuhesabu yanayopita barabarani mbele ya shule.

Swali lililobaki

Yule binti aliyeniambia "yule profesa ana akili sana" ndiye aliyeuliza, mwezi mmoja baadaye, akiwa anatazama ile karatasi ya rangi ukutani: "Na kama wezi ni wawili, kila mmoja ana kwake?"

Sikumjibu. Jumamosi iliyofuata nilileta vinu viwili. Tukaviweka hatua sita mbalimbali, tukatwanga vyote, tukavinyanyua, tukamwita aliyekuwa amejificha. Safari hii hakuelekea kwenye duara lolote. Tulikuwa tumetwanga kwa muda mrefu mno, na punje za vinu vyote viwili zilikuwa zimekutana katikati zikajazana. Akazunguka, akatazama, akaweka mguu pale pale kati ya vinu viwili, mahali ambapo hakuna kinu kilichowahi kukaa.

Binti akainama, akaokota punje mbili kutoka chini ya mguu wa mwenzake, akazigeuza kiganjani. "Zingekuwa na rangi tofauti," akasema, "tungejua ipi ya nani." Jumamosi ya pili yake tukatwanga uwele kinu kimoja na mtama mwekundu kingine.